Ikivuka Inageuza Shati

Jumatatu, Machi 4

Nimeripoti. Mkuu wa shule alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akauliza kama mimi ni mzazi niliyeitwa kwa utundu wa mwanangu. Nikamwambia mimi ndiye mwalimu wa mazoezi kutoka chuoni. "Aa! Karibu, mama," akasema, kisha akaangua kicheko peke yake. Umri miaka thelathini na nne, na bado naambiwa ni wa mazoezi.

Niandike mambo wazi, ili nikianza kujidanganya daftari linisute. Nilishona nguo miaka kumi na moja. Hesabu nilizipenda tangu utoto, kwa hiyo nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu niliifunika cherehani kwa shuka nikaenda. Mwaka jana nikaanguka mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi aliandika: "Sauti ndogo. Darasa halishiriki." Chuo kinatoa nafasi mbili tu, na hii ndiyo ya pili. Mkufunzi atakuja kunikagua mara tatu muhula huu. Wastani wa alama zake ukiwa chini ya hamsini, nafutwa chuoni na sitakuwa mwalimu maisha yangu yote.

Nimepewa kidato cha pili B, hisabati, wanafunzi arobaini na sita. Mwalimu wa kuniongoza ni mzee mmoja mwenye kifua cha pipa. Wanafunzi wanamwita Kipaza. Nilipomsikia akisalimia mtu aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake, nikaelewa jina.

Jumanne, Machi 5

Mvua. Paa ni bati tupu, halina dari. Nilifundisha dakika arobaini na sidhani kama kuna aliyenisikia zaidi ya chaki.

Alhamisi, Machi 7

Leo nimekaa nyuma kumtazama Kipaza akifundisha milinganyo. Jamani, yule mzee ni ngoma! Aliandika ubaoni: x + 7 = 12. Akageuka.

"Saba hii inataka kuvuka alama ya sawasawa. Na namba ikivuka inageuza sha..."

"...tiii!" Darasa zima.

"Ilikuwa kujumlisha, sasa inakuwa kuto..."

"...aaa!"

"Kumi na mbili toa saba, tunapata ta..."

"...nooo!"

"Tumeelewana?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Mvua ilikuwa inanyesha na bado walisikika hadi getini. Tulipotoka akanishika bega. "Dada yangu, darasa ni gari bovu. Lisiposukumwa na watu wote haliwaki. Wewe wape nusu ya neno, watakupa nusu iliyobaki. Mkufunzi akisikia hivyo, anaandika alama huku anacheka." Namshukuru. Hakuna aliyewahi kunipa siri ya kazi bila kuombwa, hata kwa mafundi cherehani.

Jumanne, Machi 12

Nimejaribu nusu neno. Yamekubali! Nasema "sha," wanasema "tiii." Nasema "tumeelewana?" wanasema ndiyo, na mimi moyo unanituna kama andazi. Nilimwambia mama nyumbani kwamba safari hii mambo yameiva. Akasema, "Mpishi hasifu chungu kabla ya kuonja." Mama yangu hana dogo.

Ijumaa, Machi 15

Nimeonja.

Nilitoa zoezi la maswali matano. La nne lilikuwa 3x = 12. Yaani tatu mara kitu fulani ni kumi na mbili, kitu hicho ni nini? Mtoto wa darasa la nne angesema nne. Nimesahihisha madaftari arobaini na sita hapa mezani, mama akinichungulia, na arobaini na moja wameandika tisa. Tisa! Tatu mara tisa ni kumi na mbili? Na wote wameonyesha njia, kwa mwandiko safi: tatu imevuka, ikageuza shati, ikawa kutoa tatu. Kumi na mbili toa tatu, tisa.

Hawakukosea kwa uvivu. Wamekosea kwa utii. Wamefanya kile nilichowaambia, neno kwa neno, na kalamu nyekundu ninayoishika ingetakiwa kunipitia mimi usoni.

Jumatatu, Machi 18

Nimewafanyia ubaya makusudi. Niliandika 3x = 12 ubaoni, nikachangamka kama Kipaza, nikasema, "Kwa hiyo eksi ni sawasawa na ti..."

"...saaa!"

"Tumeelewana?"

"Ndiyooo!"

Nikaona niende mbele. "Na mwaka mmoja una miezi kumi na ta..."

Nusu yao wakasema "...tuuu!" na nusu wakasema "...nooo!" Halafu wakatazamana. Kundi la tuuu likalicheka kundi la nooo. Hakuna hata mmoja aliyecheka kwa kujua mwaka una miezi mingapi. Nikageukia ubao nikajifanya nafuta, maana macho yalikuwa yamejaa.

Kuna msichana mmoja anakaa dirishani, safu ya mwisho. Mdomo wake haukusogea hata mara moja. Huyo hushika mkia darasani kila muhula, na wenzake wanamwita hivyohivyo, Mkia. Mimi siwezi kumwita mtoto wa watu jina hilo. Namwita Binti wa Dirishani. Kengele ilipolia nikamwita.

"Mbona hukuitikia?"

"Nisamehe, mwalimu."

"Sijasema uombe msamaha. Nauliza mbona."

Akachezea kifungo cha sare yake. "Mwalimu, kwani ile saba inageuza shati kwa nini?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikagundua sijui. Miaka yote hii! Nilifundishwa shati, nikalivaa, sikuwahi kuuliza nani alilishona. Nikamwambia nitamletea jibu.

Jumatano, Machi 20

Mkufunzi amekuja, ziara ya kwanza. Sikuwa na moyo wa nusu neno, na sikuwa na kingine cha kuweka mahali pake. Nilieleza kwa sauti ya kawaida, nikauliza maswali, wakanitazama kama ng'ombe anavyotazama reli. Alama arobaini na moja. "Darasa limepoa mno," ameandika. Amepiga mstari chini ya "mno."

Alhamisi, Machi 21

Mvua. Sijaongea na mtu.

Jumanne, Machi 26

Nimelipata jibu, na sikulipata kwenye kitabu. Nilikuwa napunguza suruali ya jirani, mkono unafanya kazi, akili iko kwa saba. Ukipunguza vidole viwili mguu wa kulia, unapunguza vidole viwili mguu wa kushoto, la sivyo mwenye suruali atachechemea. Kumbe ni hilo tu! Mlinganyo ni suruali. Saba haikuvuka popote. Umeikata huku, ukaikata na kule. Nilipiga kelele mama akadhani nimejichoma sindano.

Jumatano, Machi 27

Nimemwita Binti wa Dirishani saa ya mapumziko, nikamchorea suruali kwenye daftari. Alitembeza kidole mguu hadi mguu.

"Kwa hiyo hakuna kitu kilichovuka."

"Hakuna."

"Wala shati hakuna."

"Wala shati."

"Sasa mwalimu, mbona mlitudanganya?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha nikamuuliza: vitambaa vitatu vilivyo sawa, ukiviunga vinakuwa mita kumi na mbili, kimoja ni mita ngapi? "Nne," akasema, bila hata kufikiri. Na ile tisa ya wenzako ilitoka wapi? "Ilitoka kwenye shati."

Huyu ndiye anayeshika mkia! Tumepeana ahadi hapohapo. Siku akielewa aseme ameelewa, siku hajaelewa aseme hajaelewa, awepo nani asiwepo nani. Akaniuliza, "Hata mkufunzi?" Nikasema hata mkufunzi. Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua yote, sikuhisi hata tone.

Jumatatu, Aprili 8

Nimelitangazia darasa: kuanzia leo hakuna kumalizia maneno. Mwalimu atamaliza lake, mwanafunzi ataanza lake. Na neno zuri kuliko yote darasani humu ni "sijaelewa."

Kimya. Wewe! Kimya kile ungeweza kukikata kwa mkasi.

Alhamisi, Aprili 11

Kimya.

Ijumaa, Aprili 12

Kimya, na mvua.

Jumanne, Aprili 16

Wanafunzi wamekwenda kunishtaki kwa mwalimu wa taaluma, yule anayesimamia masomo yote. Eti mwalimu mpya hafundishi, anauliza tu. Eti kwa Kipaza walikuwa wanaelewa. Mwalimu wa taaluma hakunigombeza. Ameniuliza kwa upole kama kila kitu nyumbani ni salama. Afadhali angenigombeza.

Kipaza alinisubiri nje. "Dada, nimefundisha miaka ishirini na sita. Unafikiri sijui kwamba hawaelewi?" Alisema kwa sauti ndogo, na hapo nikaogopa, sikujua kama anayo. "Madarasa manne, kila moja watu hamsini, bati likipigwa hivi. Wewe unataka kumfikia mmojammoja. Mimi nilitaka hivyo miaka miwili ya kwanza. Baadaye nikataka tu wasilale."

Nilikuwa nimeanza kumchukia. Sasa hata hilo limenitoka, na sijui nibaki na nini.

Jumatano, Aprili 24

Ziara ya pili. Arobaini na nne. Nimepiga hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu: ili wastani ufike hamsini, ziara ya tatu nahitaji sitini na tano. Mtu wa arobaini na moja na arobaini na nne, sitini na tano anaitoa wapi? Mkufunzi si mtu mbaya. Aliniambia, "Mama, maelezo yako ni mazuri, lakini mimi naandika ninachokiona na kusikia. Na sikusikia kitu." Atarudi Mei 22.

Jumapili, Aprili 28

Mama ameitoa shuka kwenye cherehani na kuipaka mashine mafuta. Inazunguka kama maji.

Ijumaa, Mei 3

Nimeamka, nimefundisha, nimerudi.

Jumanne, Mei 7

Vivyo hivyo. Ukutani kwangu kumeota ukungu wenye umbo la x. Nimeufuta. Umerudi.

Jumanne, Mei 14

Leo imetokea! Katikati ya somo, mbele ya watu arobaini na watano, Binti wa Dirishani ameinua mkono. "Mwalimu, hapo kwenye mabano sijaelewa."

Kuna waliocheka. "Mkia!" mmoja akanong'ona. Nikamwambia binti asante, nikaeleza upya kwa suruali. Halafu kijana wa safu ya mbele, yule anayejifanya mjuzi wa kila kitu, akasema polepole, "Hata mimi, mwalimu, pale pa kwanza." Na mwingine. Na mwingine! Wanne kwa jumla. Tulitumia kipindi kizima kwenye swali moja na tukalimaliza kweli.

Nimejifungia kwenye choo cha walimu nikalia kidogo, kilio cha heri. Wiki moja imebaki. Ningepata wiki nne zaidi, ningewapata wote. Sina wiki nne.

Jumatatu, Mei 20

Mama: "Ukianguka, si mwisho wa dunia. Watu hawaachi kuvaa nguo." Najua anataka kunifariji. Nililala bila kula.

Jumatano, Mei 22

Naandika hii jioni, mkono bado una chaki.

Mkufunzi alifika saa tatu, akakaa nyuma na fomu yake gotini. Kipaza alisimama mlangoni, nadhani alikuja kuniombea. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu. Somo lilikuwa 5x + 4 = 24. Nilianza vizuri. Nilichora suruali, mguu huu na mguu ule, nikauliza tuanze kupunguza nini. Kijana wa safu ya mbele akainua mkono. Nikamshukuru Mungu. Akasema, "Mwalimu, mimi sijaelewa kwa nini tunaanza na nne, hatuanzi na tano."

Swali zuri ajabu! Swali la mtu anayefikiri. Na nikaona kalamu ya mkufunzi inaandika. Imeandika muda mrefu. Niliisoma kutoka mbele kama vile ni mwandiko wangu mwenyewe: wanafunzi hawajaelewa.

Nikaanza kumjibu kijana. Hapo mvua ikamwagika. Bati likanguruma, sauti yangu ikazama. Niliona midomo yangu inacheza tu. Safu za nyuma wakaanza kuinamisha vichwa, mmoja akaweka shavu kwenye dawati. Mkufunzi akatazama saa yake. Akatazama dari isiyokuwepo. Kalamu ikaandika tena, neno moja, na nikajua ni lilelile la Machi: limepoa.

Nikaiona cherehani. Naapa, niliiona pale mbele ya ubao, imepakwa mafuta, inanisubiri. Nikaivuta pumzi yote niliyokuwa nayo tangu kuzaliwa, nikapaza:

"Nne ikivuka inageuza SHA..."

Kwa muda wa kupepesa jicho hapakuwa na kitu. Walinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. Kisha darasa zima:

"...TIII!"

Waliishinda mvua. Waliishinda! Nikasema inakuwa kuto, wakasema aaa. Nikasema ishirini na nne toa nne ni ishi, wakasema rini. Shavu likaondoka kwenye dawati, mkufunzi akanyanyua uso na akaanza kutabasamu, na mimi sikuweza kusimama. Nilikuwa kama mtu anayeteremka mlima kwa mbio. "Eksi ni n..." "...neee!" Nilipiga ubao kwa kiganja. Nilikuwa mzuri, na hilo ndilo linalonichoma. Nilikuwa mzuri kuliko Kipaza.

"Tumeelewana?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Nikatazama dirishani. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, na mdomo wake ulikuwa wazi pamoja na ya wenzake.

Sabini na moja. Mkufunzi alinipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili. "Leo umekuwa mwalimu," akasema. Kipaza alinipigapiga mgongoni kama mtu aliyekuja kuhani msiba.

Alhamisi, Mei 23

Nimeingia darasani nikasema jana nilikosea, hakuna shati, turudi kwenye suruali. Wakasema ndiyo, mwalimu. Nikauliza nani hajaelewa. Hakuna mkono.

Jumatatu, Mei 27

Mtihani wa muhula. Mvua imekatika. Kila mtu anaongea kwa sauti kubwa bila sababu.

Jumatano, Mei 29

Nimesahihisha. Swali la sita: 5x = 20. Thelathini na tisa wameandika kumi na tano.

Nikaitafuta karatasi yake. Ameandika 4. Akaikata kwa rula, mstari mmoja mnyoofu, na pembeni akaandika 15.

Nikamfuata uwanjani alipokuwa akifagia. Nikamwonyesha.

"Ulikuwa umepata. Mbona umeikata?"

"Si ulisema mwenyewe, mwalimu, mbele ya mgeni. Inageuza shati."

"Na wewe ukaitikia. Tuliahidiana nini?"

Akausimamisha ufagio. "Nilikuona chaki inakutetemeka. Kiranja alisikia ofisini kwamba ukianguka unafukuzwa. Nikasema bora niitikie." Akanitazama kuona kama nimekasirika. "Umefaulu, mwalimu?"

"Nimefaulu."

Alifurahi! Alifurahi kweli, meno yote nje, na hilo sitalisahau hadi kaburini. Nikapiga magoti vumbini nikachora suruali kwa kijiti, mguu huu na mguu ule, haraka haraka, nikieleza tena tangu mwanzo. Nikamuuliza, "Umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hapana, niambie kweli. Umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Kwa sauti ileile ya darasa. Nikamuuliza mara ya tatu, akanijibu vilevile, na akaendelea kufagia. Alianzia kwenye suruali.

Ijumaa, Mei 31

Barua ya chuo imefika. Wastani hamsini na mbili. Muhula ujao napangiwa shule, madarasa manne, ajira kamili. Mkuu wa shule ameniita mwalimu mara tatu katika sentensi moja. Kipaza amenipa boksi la chaki na kunitakia sauti isiyokauka.

Mama alikuwa mlangoni, amekwisha kuifunika cherehani kwa shuka safi. Alinikumbatia, akarudi nyuma, akanikumbatia tena.

"Kwa hiyo umevuka, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Nimevuka."

Ameingia jikoni anaimba. Nimekaa na daftari hili, na kichwani nawasikia wote arobaini na sita, wamenyamaza, wananitazama mdomoni, wanasubiri niwape nusu yao. Ikivuka inageuza sha